Badilisheni Uzito Kabla ya Rangi

Wadogo zangu, Jumamosi nilikaa juu ya jiwe pale mtoni Thego nikawatazama mkibadilisha nimfu, zile ndoano zilizofungwa nyuzi zifanane na wadudu wa majini, mara saba: nyeusi, kahawia, ya mkia mwekundu, nyeusi tena. Hakuna hata moja iliyogusa changarawe. Samaki wetu, trauti, wamelala chini nyuma ya mawe, nanyi mnawapitishia chakula darini.

1. Uzito kwanza. Maji ya magotini yanayokwenda taratibu, ushanga wa chuma kizito kichwani mwa nimfu, wa milimita 2.5, unatosha, penye mkondo mkali, 3.5. Isipogusa chini, ongeza. Ikinasa kila mrusho, punguza.

2. Ushanga wa shaba si wa tungsteni, ile metali nzito. Hapa nakiri. Mwaka wangu wa pili wa kuongoza wageni, usiku wa kuamkia safari ya mto Gura, nilikuwa nafunga nimfu kwa taa ya simu. Shanga za tungsteni zikaniishia. Nikamalizia na za shaba, maana zote zimepakwa dhahabu ileile, nikazichanganya kwenye kasha moja. Kulipokucha, mto umejaa mvua. Na Gura trauti wapo tangu 1905, hawana haraka ya kudanganyika. Mgeni wangu, mama mmoja mstaafu, akarusha kuanzia saa moja hadi saa tano bila kuguswa. Nami nikawa namsahihisha: "Mama, inua ufito wa kuvulia. Mama, umerusha karibu mno." Akainua, akarusha mbali, akaniambia "samahani". Mara tatu! Hiyo samahani inaniuma mpaka leo.

Saa tano nimfu ikakatikia kwenye mzizi. Nikachukua nyingine, kiganja kikashtuka: mbona hii nzito? Nikaiweka kando ya mwenzake. Sura moja, lakini tungsteni humzidi shaba zaidi ya mara mbili kwa ukubwa uleule. Asubuhi nzima mama wa watu alikuwa akivulia shaba. Mrusho wa tatu wa ile nzito, trauti huyo, madoa tele. Akanishukuru kwa mikono miwili. Nami, mwoga mkubwa, nikamjibu: "Maji yamepungua, mama."

Siku hizi nafunga tungsteni kwa uzi mwekundu shingoni, shaba kwa mweusi. Igeni.

3. Ndoano za jigi, zile zilizopinda shingoni, hupita majini ncha ikitazama juu, kwa hiyo hunasa chini kwa nadra. Nunueni hizo, mwache kulia juu ya mizizi.

4. Aliyeondoka na koleo langu Jumamosi alirudishe.