Anko wa Picha: Mbona wachezaji wangu wameganda?

Shikamoo anko. Mi ni binti niko Mbagala, napiga picha shughuli za mtaani ila sasa nataka kufanya sanaa, sio picha za kumbukumbu tu. Vijana wa singeli wanacheza balaa lakini nikija kuangalia picha wamesimama kama masanamu. Nikaingia Photoshop nikaweka Motion Blur, ikawa ukungu mtupu, rafiki yangu akaniuliza mkono ulikuwa unatetemeka? Kamera yangu ni Canon ya kawaida na lenzi yake ya 18-55.

Marahaba mwanangu. Rafiki yako kasema kweli. Kile kitufe cha Motion Blur kinavuta kila kitu upande mmoja na kwa kiasi kilekile, uso, goti, mpaka ukuta wa nyuma, na mwili wa mtu hauendi hivo. Muangalie mtu anatembea tu, hata hachezi: mguu uliokanyaga umetulia kabisa, ule mwingine ndo unakata hewa, kichwa kinasogea taratibu, na mkono mmoja unarudi nyuma wakati wa pili unaenda mbele. Kwa hiyo ukipiga kwa spidi ndogo kweli utakuta kiatu kimoja unakiona mpaka kamba zake na kingine kimeyeyuka. Jicho likishakiona kile kilichotulia ndo linakubali kwamba hiki kingine kinakwenda. Ukivifuta vyote hamna kinachokwenda, ni picha iliyoharibika basi.

Sasa anzia kwenye kamera, kompyuta baadaye. Zungusha kile kidude cha juu uweke Tv, hapo spidi ya shata, yaani muda ambao mlango wa mwanga unakaa wazi, unachagua mwenyewe, maana ukiiacha oto mchana inaweza kukupa 1/500 ya sekunde na hapo lazima wagande. Singeli inapita midundo 200 kwa dakika, yaani kila mdundo hauchukui hata theluthi ya sekunde, kwa hiyo kwenye 1/15 mikono inaacha mkia na sura bado unaitambua, ukishuka mpaka 1/4 karibu mdundo mzima umeingia kwenye picha moja na mchezaji anaanza kupotea. Mi napenda katikati, 1/8. Piga nyingi, nyingi utazitupa, ndo kazi yenyewe hiyo.

Usiku kwenye kigodoro, ile ngoma ya mtaani, washa flashi, ila ingia kwenye menyu ya flashi utafute 2nd curtain. Kawaida flashi inawaka mwanzoni shata likifunguka, matokeo yake ule mkia wa mwanga unakaa mbele ya mchezaji, unaona kabisa mtu anarudi kinyumenyume. Ukiweka hiyo 2nd curtain, flashi inawaka mwishoni, mkia unabaki nyuma yake na sura iko safi mbele.

Afu kuna ile ya mtu mmoja kuonekana mara sita kwenye picha moja. Hii ya zamani sana, Mfaransa Étienne-Jules Marey mwaka 1882 alitengeneza bunduki ya picha inayopiga picha 12 kwa sekunde, na baadaye akawa anawavalisha watu nguo nyeusi zenye mistari myeupe mikononi na miguuni, anawapitisha mbele ya ukuta mweusi, yote kwenye sahani moja, yaani kile kioo cha kupigia picha cha enzi hizo. We huna haja ya sahani. Weka kamera kwenye stendi, funga mwanga na fokasi kwa mkono visibadilike, mchezaji apite mbele ya ukuta wa giza kavaa nguo nyeupe, piga mfululizo. Kwenye Photoshop zipange zote kama leya, moja juu ya nyingine, weka modi ya Lighten, inayobakiza kilichong'aa zaidi, utaona wanajitokeza wenyewe. Ukuta wako mweupe? Mvalishe nguo nyeusi, weka Darken. GIMP, programu nyingine ya picha, nayo ina modi hizo na ni ya bure.

Hapa wengi wanakosea: wanachagua pozi zilizopendeza na kuzipanga kwa nafasi sawa. Usifanye hivo. Chukua kila picha ya tatu, hata kama ina mkono umejikunja vibaya, kwa sababu zile nafasi ndo zinasema spidi, alipokimbia zimeachana, aliposita zimebanana. Mwisho punguza opasiti ya zile za mwanzo ziwe hafifu, uso ubakize kwenye picha moja tu, hizo nyingine futa kwa maski.

Anko mambo vipi. Nataka picha ya Kariakoo, mama mmoja kasimama na watu wote wanaopita wamefutika. Nikishusha spidi mchana picha inakuwa nyeupe pee!

Poa kijana. Hilo ni jua letu tu. Saa saba mchana, hata ukiweka ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) chini kwenye 100 na tundu la lenzi dogo la f/16, spidi inayofaa ni kama 1/100, huwezi kushuka bila kuziba mwanga. Tafuta filta ya ND, kile kioo cheusi cha kuvalisha lenzi: ND8 itakufikisha kama 1/12, ND64 inakupa zaidi kidogo ya nusu sekunde, kwa umati unaotembea inatosha sana. Huna hela ya filta, subiri saa kumi na mbili na nusu jioni, ila uwe umeshajipanga maana giza letu halichelewi.

Au piga picha 20 mchana huohuo juu ya stendi, mama asitikisike, uziunganishe Photoshop ziwe furushi moja la Smart Object na kuchagua Mean, yaani wastani wa zote, wapita njia wanabaki kama moshi. Angalia usibonyeze Median, hiyo inafuta wapita njia wote, na Kariakoo bila watu nani atakuamini? Huyo mama muombe ruhusa kwanza na umuonyeshe picha. Akikataa achana naye. Na mkanda wa kamera uwe shingoni muda wote, unapajua.

Mi nina simu tu anko, naweza?

Unaweza. Kama ina modi ya Pro shusha spidi humo, egemeza simu kwenye ukuta. iPhone washa Live, piga, afu kwenye picha yenyewe chagua Long Exposure. Kuunganisha tumia Double Exposure ya Snapseed, ile app ya kuhariri picha, nayo ina Lighten, ila inaunga mbilimbili, kwa hiyo unasevu, unaifungua tena, unaongeza ya tatu.