Kabla ya kumchangia mtiririshaji, hesabu kinachomfikia

Mhariri, swali lenu la wiki hii limeuliza: mtazamaji anayetaka kumsaidia kwa pesa mtiririshaji, yaani mtu anayerusha vipindi mubashara mtandaoni, atumie njia gani? Wengi watajibu kwa kutaja jukwaa. Mimi naliweka jukwaa nafasi ya pili. Kwanza angalia unatoa kiasi gani kwa mara moja, na unalipia wapi: kwenye kivinjari au ndani ya programu ya simu.

Tuanze na simu, maana ndiko pesa nyingi zinakopotea bila mtu kujua. Ukinunua kitu cha kidijitali ndani ya programu ya iPhone, kwa kawaida Apple hukata 30%. YouTube humpa mwenye chaneli 70% ya Super Chat (ujumbe wa kulipia unaotokea kwenye gumzo) na ya ada za uanachama, lakini asilimia hiyo hupigwa baada ya kodi na makato ya duka la programu kuondolewa. Tuiache kodi kando. Super Chat ya dola 5 iliyolipiwa kwenye kivinjari humfikishia dola 3.50. Dola 5 hizohizo zikilipiwa ndani ya programu ya iPhone, Apple ikichukua 30% hubaki 3.50, na 70% ya hizo ni dola 2.45. Ujumbe wako umetokea kwenye gumzo kwa rangi ileile na kwa muda uleule, ila mtiririshaji amekosa dola nzima na ushee.

Kwenye Twitch, jukwaa la vipindi mubashara, maumivu ya simu humwangukia mtazamaji: usajili ule ule, yaani malipo ya kila mwezi kwa chaneli, huuzwa ghali zaidi ndani ya programu, na nyongeza hiyo haimfikii mtiririshaji. TikTok nayo huuza koini, sarafu za kununulia zawadi za mtiririshaji, kwa bei nafuu kwenye tovuti kuliko ndani ya programu. Dawa ni moja. Fungua kivinjari, hata kama ni cha simu hiyohiyo, ingia kwa akaunti yako, lipa, kisha rudi kwenye programu uendelee kutazama. Akaunti ni moja, kwa hiyo beji na salio lako utavikuta vilevile pande zote mbili.

Sasa mgawo wenyewe. Usajili wa kawaida wa Twitch hugawanywa nusu kwa nusu. Wanaotimiza masharti ya mpango maalumu hupanda hadi 60% au 70%. Bits, sarafu za Twitch unazonunua na kuzituma kwenye gumzo, hufuata hesabu nyingine: kila Bit moja humpa mtiririshaji senti moja ya dola, na faida ya Twitch imo kwenye bei unayonunulia. Kwa bei ya dola 1.40 kwa Bits 100, yeye hupata dola 1, yaani karibu 71% ya ulichotoa. Kwa mgawo wa nusu kwa nusu basi, Bits humfaa zaidi kuliko usajili, ingawa usajili hukuondolea matangazo kwenye chaneli nyingi na humpa yeye kipato anachoweza kukitegemea mwezi ujao. Kick, jukwaa jingine la vipindi mubashara, humwachia 95% ya usajili. Zawadi za TikTok ndizo zinazoumiza: karibu nusu ya thamani hubaki kwa jukwaa.

Mchango wa moja kwa moja kupitia PayPal, huduma ya kutumiana pesa mtandaoni, au kupitia ukurasa wa michango kama Ko-fi, ambao haukati chochote kwenye mchango wa kawaida, ndio humfikishia sehemu kubwa zaidi, mradi usiwe mdogo mno. Makato ya malipo huwa na sehemu mbili: asilimia, na kiasi maalumu kwa kila muamala. Viwango hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Tuchukue mfano wa 2.9% pamoja na senti 30. Ukituma dola 1, hukatwa karibu senti 33 na kufika senti 67. Ukituma dola moja moja mara tano, hufika dola 3.35. Ukituma dola 5 kwa mkupuo, hufika dola 4.55. Kwa hiyo vijisenti vya kushangilia mchezo unaoendelea vitume kwa Bits. Kiasi kikubwa kitume moja kwa moja, mara moja.

Kabla ya kutuma, kumbuka kwamba PayPal inaweza kumwonyesha mpokeaji jina lako halisi na barua pepe yako, hata kama kwenye gumzo unatumia jina la utani. Mtiririshaji naye afungue akaunti ya biashara yenye jina la chaneli, la sivyo jina lake la kuzaliwa litasomwa na kila anayemchangia.

Kuna hatari nyingine, na hii inawaumiza watiririshaji wadogo kuliko wote. Mchango wa moja kwa moja unaweza kurudishwa. PayPal hukubali pingamizi hadi siku 180 baada ya malipo, na kadi ya wizi ikitumika, pesa huchukuliwa tena na mpokeaji huweza kutozwa ada juu yake. Anayepokea mchango mkubwa usio wa kawaida kutoka kwa mtu asiyemfahamu asiutumie mapema. Nawe mtazamaji, usitoe pesa ukiwa na hasira au kilevi halafu kesho yake ukaidai irudishwe kupitia benki. Mzigo wote humwangukia yeye.

Tazama pia ni lini pesa itamfikia. YouTube hailipi mpaka salio lifike dola 100. Twitch, kwa njia nyingi za malipo, dola 50. Chaneli yenye wasajili watatu wanaoiingizia dola 9 kwa mwezi itasubiri miezi sita kwenye Twitch, na kwa kipato hichohicho ingesubiri miezi kumi na miwili kwenye YouTube. Kwa chaneli changa, dola 5 za moja kwa moja leo zina maana kuliko usajili utakaoonekana mwakani.

Mwenye Amazon Prime, uanachama wa kulipia wa Amazon, ana usajili mmoja wa Twitch kila mwezi bila kulipa zaidi. Haujirudii wenyewe; lazima uubonyeze upya kila mwezi, na nyingi hupotea kwa sababu watu hudhani umeendelea. Weka kikumbusho kwenye kalenda. Asiye na pesa kabisa azime kizuia-matangazo kwenye chaneli hiyo. Kinachoingia ni kidogo, lakini kinaingia.

Patreon, jukwaa la uanachama wa kulipia, inafaa kwa mtiririshaji mwenye kitu cha kuwapa wanachama nje ya kipindi. Kwa waliofungua kurasa tangu Agosti 2025, hukata 10% pamoja na gharama za malipo. Huko nako, jiunge kwa kivinjari.

Siku ukitaka kuacha, kufuta programu kwenye simu hakusimamishi malipo. Usajili ulioanzia kwenye iPhone husitishwa kwenye mipangilio ya simu, chini ya jina lako, sehemu ya usajili. Ulioanzia kwenye kivinjari husitishwa ndani ya akaunti yako ya jukwaa. Fanya hivyo siku moja au mbili kabla ya tarehe ya kukatwa. Kwa kawaida utaendelea kuwa mwanachama hadi muda uliokwisha kulipia umalizike.