Kabla hujampokonya binti yako riwaya

Riwaya hiyo niliikuta chini ya mto wa binti yangu, Jumamosi moja nilipokuwa nikibadilisha mashuka. Juu ya jalada palikuwa na uso wa msichana uliochanganyikana na matawi ya mti. Nikafungua ukurasa wowote tu, kama tufanyavyo wazazi tunapojiambia kwamba tunapekua kwa nia njema, nikaangukia mahali ambapo wasichana wawili wameketi maktabani wakiandikiana kwenye karatasi, na mmoja anamwandikia mwenzake kwamba alibakwa. Nilikifunga kitabu nikakitia kwenye mkoba wangu wa kazini. Jioni binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 14, alikuja kuniuliza kama nimekiona kitabu chake cha shule, nami nikamjibu kwamba kile si kitabu cha mtoto. Hakubishana. Alirudi chumbani kwake, na kwa siku nne zilizofuata sikupata kwake zaidi ya "ndiyo, mama" na "hapana, mama".

Kitabu chenyewe kinaitwa Speak, jina ambalo mimi ningelifasiri kuwa Sema. Mwandishi wake ni Laurie Halse Anderson wa Marekani, na kilitoka mwaka 1999. Nilikisoma kwenye zamu ya usiku, katika nyumba ya kulelea wazee ninakofanya kazi, usiku wa kwanza kwa hasira na wa pili kwa aibu. Kinamhusu Melinda Sordino, anayeanza darasa la tisa mjini Syracuse, jimbo la New York, huku shule nzima ikimchukia kwa sababu wakati wa likizo aliwapigia polisi simu katikati ya sherehe ya vijana, polisi wakaja na sherehe ikavunjika. Kwa nini alipiga simu hakuna aliyemwuliza. Alikuwa ametoka kubakwa na mvulana wa madarasa ya juu, na simu ilipopokelewa, maneno yalimkauka mdomoni. Tangu hapo anaacha kusema kidogo kidogo: anatafuna midomo mpaka inafanya magamba, anajificha katika kistoo kilichosahauliwa cha vifaa vya usafi, na alama zake zinaporomoka muhula hadi muhula, kwa maana riwaya ina sehemu nne na ripoti zake za shule zimo humohumo. Anayetafuta uchafu humo atasoma kurasa nyingi kabla ya kuufikia usiku wenyewe, na akiufikia atakuta umeelezwa kwa ufupi na kwa uchungu, bila lolote la kumwashia mtu tamaa.

Sisi tunaishi jimbo hilohilo, kwa hiyo ile theluji inayomwangukia Melinda kituoni pa basi ninaijua kwa miguu yangu. Lakini kilichonichoma zaidi hakikuwa theluji, wala hata usiku ule wa sherehe. Wazazi wa Melinda ni watu wa kazi, mama yake anaendesha duka la nguo, na sehemu kubwa ya mazungumzo yao na binti yao ni vikaratasi wanavyoachiana kwenye kaunta ya jikoni. Nilipofika hapo nilikiweka kitabu mezani, nikaenda kuwakagua wazee wangu ingawa hakuna aliyekuwa amepiga kengele. Jioni ile, kabla ya kutoka nyumbani, nilikuwa nimebandika kwenye friji yetu kikaratasi kilichosema: "Wali upo kwenye sufuria. Mchuzi upashe moto. Mlango usimfungulie mtu." Ukiondoa salamu, hayo ndiyo yaliyokuwa maongezi yetu ya wiki nzima.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mzazi mwenzangu unaanzia hapo: kisome chote, kutoka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, kabla hujafumbua mdomo. Kitabu hiki kimelalamikiwa sana, na mwaka 2020 kilikuwa cha nne katika orodha ya Chama cha Maktaba cha Marekani ya vitabu vilivyopingwa zaidi nchini humo, lakini ukurasa mmoja uliochomolewa katikati haukuambii lolote ila jinsi ulivyoshtuka.

Nilipomaliza nikafanya kosa la pili, ambalo nadhani ni baya kuliko la kwanza. Nilirudi nyumbani asubuhi, nikasimama mlangoni pa chumba chake nikiwa bado na sare ya kazi na funguo mkononi, nikamwuliza: "Kuna mtu amekufanyia kitu?" Hebu fikiria swali hilo linavyosikika kwa mtoto ambaye ametoka usingizini. "Mama! Ni kitabu tu," akasema, akajifunika shuka. Nilimrudishia kitabu chake, nikaenda kulala bila kupata usingizi.

Lililofanikiwa lilikuja lenyewe, kama siku tatu baadaye, tukiwa garini tunapeleka nguo kufua. Ndani ya gari hakuna anayemtazama mwenzake usoni, nyote mnatazama barabara, na nimekuja kuamini kwamba kwa mazungumzo ya aina hii hakuna sebule inayoshinda gari. Nikasema tu, kama anayejisemea, kwamba huyo Heather ananiudhi. Heather ni msichana mgeni shuleni anayejishikiza kwa Melinda mpaka anapopata marafiki wenye hadhi zaidi, kisha anamwambia wazi kwamba urafiki wao umekwisha. Binti yangu akageuka: "Umekisoma?" Kisha akacheka, akasema kila shule ina Heather, akanitajia na wa kwao, na mpaka tunapakua nguo alikuwa amesema maneno mengi kuliko ya mwezi mzima.

Ndipo nikamwuliza, nikiendelea kutenganisha nyeupe na za rangi, kwa nini anadhani Melinda hamwambii mama yake. Alinyamaza kidogo, akakunja taulo, akalikunjua, akalikunja tena. "Kwa sababu mama yake angeanza kwa kuuliza alikwenda kufanya nini kwenye sherehe."

Sikuwa na jibu, kwa sababu hilo ndilo swali ambalo mimi mwenyewe ningeanza nalo.

Nimekulia Tanga, ambako mama hakuzungumza na binti yake mambo ya mwili. Kazi hiyo ilikuwa ya somo, yaani kungwi, naye somo alitufunza usafi, heshima na mambo ya ndoa. Simdharau, kwani kumpa msichana mtu mzima wa kusema naye ambaye si mama yake ilikuwa hekima kubwa, na huku ugenini pengo lake nalihisi. Hata hivyo sikumbuki mafunzo yoyote ya siku zile yaliyotuambia tufanye nini iwapo mtu atatuumiza, ukiacha kwamba tusijiweke mahali pa kuumizwa. Swali langu la sherehe nililitoa huko.

Tangu siku ile nimejizoeza sentensi ya kwanza, kwa sauti, nikiwa peke yangu, maana ukiisubiri ije yenyewe itakuja ile ya mazoea. Yangu ni hii: "Pole mwanangu, nakuamini, na hukukosa wewe." Sherehe, nguo na saa za kurudi visubiri. Katika riwaya, rafiki wa zamani wa Melinda anayeandikiwa siri ile maktabani anamwita mwongo, lakini ukutani mwa choo cha wasichana, chini ya jina la mvulana yule aliloandika Melinda kama onyo, wasichana wengine wanaongeza maneno yao mmoja baada ya mwingine. Ukuta wa choo ulimwamini kabla ya watu wake. Sikutaka binti yangu apate msaada wake huko.

Jifunze mapema pia milango ya msaada iko wapi. Hapa Marekani mwalimu na mshauri wa wanafunzi wanabanwa na sheria kutoa taarifa wakishuku kwamba mtoto anadhulumiwa, jambo linalowatisha wengi wetu wahamiaji, lakini ni heri kulijua kabla. Shirika la RAINN, linalowasaidia waliobakwa au kudhulumiwa kingono, lina simu ya bure, 1-800-656-4673, na nyumbani Tanzania na Kenya mtoto anaweza kupiga 116. Na iwapo binti yako anataka kukiacha kitabu katikati, mwache akiache. Huenda kimegusa mahali.

Kaka yake pia nilimpa, akiwa na miaka 16, naye alikipokea kama anayepewa dawa ya minyoo. Mwandishi amewahi kueleza kwamba wavulana humwuliza kwa nini Melinda aliumia kiasi kile, na mwanangu, ambaye si mtoto mbaya, aliniuliza karibu hilohilo. Mazungumzo yake yalihitaji safari tatu za gari, moja yenye ugomvi.

Vikaratasi vya friji bado ninaviandika, kwa sababu zamu za usiku hazijakwisha, ila sasa huacha nafasi chini pamoja na kalamu. Mwezi uliopita, chini ya maelezo yangu kuhusu maharage, nilikuta maandishi yake: "Mama, chumvi ilizidi. Kesho usiku uko kazini? Kuna kitu nataka kukuambia, si kwa kuandika."

Nikapiga simu kazini, nikaomba kubadilishana zamu. Aliyoniambia ni yake.