Kabla ya Kuiongezea Presha Subaru Yako ya Zamani

Karibu kila mwenye Impreza WRX ya miaka ya 1990 anayeniuliza namna ya kuiongezea nguvu huanza na presha ya turbo, pampu inayosukuma hewa ndani ya injini, nami humuuliza kwanza ni lini injini yake ilipimwa kompresheni, yaani uwezo wa kila silinda wa kubana hewa. Injini ya gari hili, EJ20, ndiyo iliyompa dereva wa rali Colin McRae ubingwa wa dunia mwaka 1995 na ushindi wa Safari Rally mwaka 1997, lakini iliyomo garini mwako imezeeka mikononi mwa watu usiowajua. Ipime ikiwa na moto. Silinda moja ikipungukiwa na zenzake kwa zaidi ya takribani asilimia 10, fedha zako zianzie hapo.

Kisha kagua mabomba ya raba yanayotoka kwenye turbo, kwa kuwa raba ya umri huo hupasuka mahali ambapo jicho halifiki. Matoleo ya mwanzo ya gari hili huipima hewa kabla haijaingia kwenye turbo, hivyo hewa inayovuja baada ya hapo huwa imekwisha kuhesabiwa: kompyuta humwaga petroli kwa ajili ya hewa isiyofika, moshi mweusi hutoka, nguvu hupungua, na mwenye gari hukimbilia kununua turbo kubwa zaidi. Fundi mwenye subira huziba mlango wa hewa, hujaza upepo wa kompresa kidogo kidogo, kisha hupaka maji ya sabuni kwenye viungo na kutazama mapovu. Kwa maoni yangu, kazi hiyo ina faida kuliko nusu ya vipuri vinavyouzwa kwa jina la mashindano.

Jambo linalosahaulika zaidi ni mwinuko. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina shinikizo la takribani bar 0.83, ilhali Mombasa ni karibu bar 1. Geji ya kawaida huonyesha ziada tu juu ya hewa iliyopo, kwa hiyo bar 0.9 ya Nairobi ni 1.73 kwa jumla, na bar 0.9 ileile Mombasa ni 1.9. Injini iliyosetiwa hadi ukomo wake Nairobi itameza pwani hewa nyingi zaidi kwa asilimia 10, tena yenye joto, huku gari likiwa liliundwa kwa petroli ya Japani ya oktani 100 (kipimo cha petroli kustahimili kubanwa bila kulipuka ovyo), ambayo hatuipati kwenye vituo vyetu vya kawaida. Hapo ndipo injini huanza kugonga, yaani petroli hulipuka ovyo ndani ya silinda, na pistoni hupasuka kabla dereva hajasikia lolote kwa sababu ya kelele za ekzosi.

Kwa hiyo mwambie fundi wako aache akiba: arudishe nyuma kidogo taimingi, yaani wakati wa cheche, aweke plagi za baridi zaidi (zinazopoteza joto haraka) kwa daraja moja, na ahakikishe mchanganyiko wa hewa na petroli chini ya presha uko karibu na 11 kwa 1, baada ya kuthibitisha kwamba pampu ya petroli inaumudu. Asipokuwa na geji ya kupima mchanganyiko huo, mtafute mwingine. Ikiwa gari litateremka pwani, presha ishushwe kabla ya safari, na plagi zifunguliwe baada ya kufika. Chembe za rangi ya fedha kwenye kaure nyeupe ya plagi ni alumini ya pistoni.