Dresaji ipi, kiunzi cha urefu gani?

Mwaka wangu wa kwanza hapa Virginia nilijaza fomu ya mashindano ya dresaji (farasi kufanya miondoko iliyopangwa mbele ya jaji) pamoja na kuruka viunzi, nikiwa mlangoni pa banda, hatamu mkono mmoja, kalamu mkono mwingine. Farasi jike niliyekuwa nikimpanda alikuwa hodari kwenye mtihani wa dresaji wa ngazi iitwayo Training: kutembea, troti (mwendo wa mchakamchaka), kanta (mwendo wa kasi zaidi, wa kurukaruka), miduara ya mita 20. Nikaliona neno lile lile kwenye fomu, nikatia alama. Siku ilipofika, naingia kwa miguu kuukagua uwanja wa kuruka, nakutana na viunzi vya mita nzima. Nyumbani tulikuwa tunaruka sentimita 75. Nilimpakia kwenye trela bila kuruka hata kimoja, na ada ilikwenda na maji.

Nimeandika haya kwa sababu Waswahili wanaopanda farasi huku ughaibuni wameanza kuongezeka, na kila msimu nawaona wakinaswa pale pale.

Neno Training limo katika mifumo miwili ya ngazi. Wanaoshindana dresaji peke yake Marekani huanza na Introductory, kisha Training, kisha First, na kuendelea juu. Wale wa mashindano ya siku tatu, yenye dresaji, mbio za porini na viunzi, wana mfumo wao, kwa urefu wa viunzi: Beginner Novice sentimita 80, Novice 90, Training mita 1.00, Modified 1.05, Preliminary 1.10. Mashindano ninayoyazungumzia hapa huchukua dresaji na viunzi, yakaacha mbio za porini, kwa hiyo majina ya kwenye fomu mara nyingi ni ya mfumo huu wa pili. Na kama ulijifunzia kwa walimu wenye utaratibu wa Kiingereza, kama mimi niliyeanza kazi ya usaisi Karen, Nairobi, ongeza tahadhari: Novice ya Uingereza ni viunzi vya mita 1.10 na zaidi. Ya Marekani ni 90. Jina moja, tofauti ya sentimita 20 au zaidi, na farasi hasomi fomu.

Basi kabla ya kulipa, mpigie mwandaaji umuulize mambo mawili: mtihani wa dresaji ni upi hasa, na kiunzi kirefu kuliko vyote kina sentimita ngapi. Muulize pia kama anaruhusu kuchanganya, yaani dresaji ya ngazi moja na viunzi vya ngazi nyingine. Wengi wa mashindano madogo ya mashambani wanaruhusu, ila hawaandiki.

Sasa, utajuaje kinacholingana na farasi wako? Watu huanza na urefu wa kiunzi. Mimi naanza na kanta, kwa sababu kanta ndiyo inayotembea kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine. Ile anayoionyesha kwa jaji kwenye mduara wa mita 20 ndiyo atakayoiendea kiunzi nayo. Laza fito mbili chini, mita 18 kati yake. Pita juu yake kwa kanta ukihesabu hatua kwa sauti. Rudia mara tatu upande wa kushoto, mara tatu upande wa kulia. Sikiliza kwato: kanta nzuri ina mapigo matatu, pa-ta-ta, kisha kimya kidogo farasi akiwa hewani. Ukianza kusikia manne, amepoteza nguvu ya nyuma. Kama hesabu yako inatoka ile ile pande zote mbili bila kuvuta hatamu, Beginner Novice inakufaa, dresaji yake na viunzi vyake. Kama inatoka upande mmoja tu, bado.

Wanaoteseka zaidi hapa ni farasi waliotoka kwenye mbio. Viwanja vya mbio vya Marekani huzungukwa kwa kushoto, hivyo farasi amefundishwa maisha yake yote kukata kona za kushoto kwa kasi. Mgeuze kulia kwenye mduara, anaegemea ndani kama pikipiki. Lakini kuruka anaruka bila woga, na hapo ndipo mwenyewe anapodanganyika. Huyo mwandikie Introductory A au B, ambazo hazina kanta kabisa, pamoja na viunzi vya chini vya fito mbili zilizopishana. Mwache hapo hata msimu mzima. Si aibu hata chembe. Namna hiyo ndiyo nimeona farasi wakidumu.

Kinyume chake ni mzee. Nilikuwa na farasi wa miaka 19, magoti ya nyuma yamekakamaa, lakini anajua kwenda upande na kurefusha hatua kuliko mimi nilivyojua kumwomba. Tulicheza First Level na kuruka sentimita 75. Mwandaaji mmoja alikubali kwa sharti kwamba tusihesabiwe kwenye nafasi za ushindi. Nilikubali bila kusita.

Kwa wanaotaka utepe wa ushindi, hesabu ni hii. Asilimia zako za dresaji hutolewa kwenye 100: ukipata 65, unaingia kwenye viunzi na adhabu 35. Kila ufito unaoanguka ni adhabu 4. Ukiongeza nusu alama kwenye kila kipengele cha dresaji (kila kimoja huhesabiwa kwa 10), umejipunguzia adhabu 5, zaidi ya ufito mmoja. Kwa hiyo mtihani rahisi uliochezwa kwa utulivu hulipa kuliko mgumu uliochezwa kwa kubahatisha.

Mama mmoja mwenzetu, mtu wa Mombasa, alinipigia mwaka jana amekasirika. "Mwalimu, mwanangu anaruka mita moja nyumbani, mbona umemwandikia 80?" Nikamwambia: mama, nyumbani hakuna kipaza sauti. Hakuna masanduku ya maua chini ya viunzi, wala farasi mwenzake hayuko kwenye trela akimlilia. Tena farasi atakuwa ametoka kwenye dresaji, ameombwa alegeze shingo na atulie, kisha baada ya muda mfupi anaambiwa aruke. Kwa hiyo wanafunzi wangu wote nawashusha hatua moja chini ya wanachoruka nyumbani, na kwa mashindano ya kwanza kabisa hatua mbili.

Alinyamaza, kisha akauliza kama 80 ina utepe. Inao. Binti alimaliza na adhabu 33.5, fito zote juu, na aliporudi kwenye trela jambo la kwanza alilofanya ni kumfungulia farasi mkanda wa tandiko kabla hajavua kofia yake.