Kikapu cha Bibi Dobi: Kinachokukohoza si usafi

Mwezi huu kikapu kimejaa barua za blichi, au jiki kama wengi wetu tulivyozoea kuiita, na ndugu zake wote wakali wanaokaa chini ya sinki. Kwa wageni wa ukurasa huu: nilisimamia chumba cha kufulia cha hospitali kwa miaka 19. Nimefua damu, matapishi na mengine ambayo mhariri atayakata. Kwenye kifundo cha mkono wangu wa kushoto nina kovu, nalo nitalieleza huko chini.

*Shikamoo Bibi. Jana nilikuwa nasugua choo chenye ukoko wa kahawia. Nilimwaga dawa ya kuondoa ukoko, nikaona inachelewa, nikaiongezea blichi ipate nguvu. Ikatokota, ikatoa harufu kama ya bwawa la kuogelea lakini mara kumi. Macho yaliwasha, nikakohoa mpaka nikakaa chini. Leo kifua bado kinabana nikipanda ngazi. Mume wangu anasema ni harufu tu, itaisha. Nilikosea kipimo? – Mwenye Kifua Kizito*

Marahaba mwanangu. Weka gazeti chini uende hospitali sasa hivi, barua utaimalizia foleni. Gesi uliyovuta inaweza kuyafanya mapafu yajae maji saa kadhaa baadaye, hata kwa mtu aliyeonekana amepata nafuu. Ukifika usiseme "nina kikohozi", maana utapewa dawa ya kikohozi. Sema umevuta gesi ya klorini, na uonyeshe picha za vibandiko vya chupa zote mbili. Mume wako akusindikize. Harufu tupu haimbani mtu kifua kwenye ngazi siku ya pili.

Sasa swali lako. Hukukosea kipimo, kwa sababu mchanganyiko huo hauna kipimo. Blichi hutengenezwa kwa kupitisha gesi ya klorini ndani ya maji ya kostiki soda, na ni kostiki inayoishikilia gesi isitoroke. Dawa za kuondoa ukoko ni tindikali, nyingi zikiwa za haidrokloriki, na tindikali huimaliza kostiki. Kwa hiyo ulipoongeza blichi ulikuwa unamfungulia mfungwa mlango. Mfungwa huyo ndiye aliyeachiliwa juu ya wanajeshi kule Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Chooni kwako alikuwa kidogo, ndiyo maana umeweza kuniandikia.

Klorini ni nzito kuliko hewa, karibu mara mbili na nusu, kwa hiyo hushuka sakafuni. Aliyeinama na brashi huipata kabla ya aliyesimama mlangoni, na mtoto anayetambaa huipata kabla ya wote. Likitokea tena, na lisitokee, usijaribu kumwaga wala kusuuza. Toka, acha mlango na madirisha wazi, zuia watu wasiingie, usirudi mpaka hewa itakate. Mwenye pumu asitumwe kwenda kuangalia.

Siki na ndimu nazo ni tindikali, hata kama mtu amekuambia ni "za asili". Blichi ina adui mwingine pia, amonia, ambayo imo katika baadhi ya dawa za vioo na katika mkojo uliolala. Zikikutana hutoka kloramini, na hiyo ndiyo harufu ya bwawa la kuogelea. Watu huinusa wakasema "hapa pamesafishwa". Mimi nikiinusa najua klorini imekutana na jasho na mkojo. Wodini tulikuwa na amri moja: chombo cha mkojo husuuzwa kwa maji tele kwanza, blichi inafuata baadaye.

Jambo la mwisho kwako. Dawa za choo zina chupa zinazofanana, zote zenye shingo iliyopinda kama ya bata. Nyingine ndani ni tindikali, nyingine ni blichi nzito. Ukisoma hipokloriti, hiyo ni blichi. Ukisoma jina la asidi yoyote, hiyo ni tindikali. Chagua moja, na uipe muda. Ukoko wako uliota kwa miezi, nawe ulitaka uondoke kwa dakika tano.

*Bibi, sinki la jikoni limeziba. Nilimwaga kostiki soda ya chembechembe usiku, asubuhi maji bado yamesimama. Jirani kaniambia nimalizie na dawa ya kuzibulia ya tindikali, aliyo nayo yeye. Au nimwage maji ya moto? – Sinki Limegoma*

Usimwage kitu! Tindikali ya salfa ikikutana na kostiki iliyotuama hutoa joto la kuchemsha maji papo hapo, na kwa kuwa chini kumeziba, njia iliyobaki ni juu, kwenye uso wako. Maji ya moto nayo yatafanya vivyo hivyo ikiwa kuna chembe ambazo hazijayeyuka. Hata kile kikombe cha mpira chenye mpini usikitumie leo, kitakurushia.

Kovu langu lilitokana na haraka kama hiyo. Nilikuwa na miaka 26, tunajifunza kutengeneza sabuni. Kanuni ni kwamba kostiki hutiwa ndani ya maji, kidogo kidogo, huku ukikoroga. Mimi nilikuwa na kostiki tayari kwenye ndoo, nikaona usumbufu wa kutafuta ndoo ya pili, nikamimina maji juu yake. Ikapiga mlio kama wa kikaango, ikaruka. Tone moja likaingia chini ya mkanda wa saa.

Kilichoniponza ni kwamba halikuuma mara moja. Mkono uliteleza tu, laini, kama niliyeshika sabuni. Na ilikuwa sabuni kweli: kostiki ilikuwa ikiyageuza mafuta ya ngozi yangu kuwa sabuni. Nikajipangusa kwa kitambaa, nikaendelea na kazi. Maumivu yalipokuja, shimo la ukubwa wa kifungo lilikuwa limeshachimbika. Tindikali ikikugusa hupiga kelele mapema. Kostiki inazama kimyakimya. Kwa hiyo ukihisi utelezi usiongoje maumivu: vua saa, pete na nguo iliyolowa, uweke mkono chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Jicho vivyo hivyo, kope zikishikiliwa wazi, na ukitoka hapo ni hospitali. Usipake siki ati "izimue". Kuzimua nako kunatoa joto, utakuwa umeungua mara mbili.

Turudi kwenye sinki. Zuia watoto wasifike jikoni, uite fundi, na umwambie mlangoni, kabla hajalala chini ya sinki na funguo zake, kwamba kile kiwiko cha bomba kimejaa kostiki. Mafundi wameunguzwa macho na wenye nyumba walionyamaza. Avae miwani ya kazi na glavu ndefu, achote maji taratibu kwa chombo cha plastiki, na chini ya kiwiko akinge ndoo ya plastiki. Sufuria ya aluminiamu hapana: kostiki huila na kutoa haidrojeni, gesi inayowaka kwa cheche. Siku nyingine anza na kikombe cha mpira, kisha waya, na dawa iwe ya mwisho. Jirani mwambie asante.

*Kwako Bibi Dobi. Wifi yangu alihamishia blichi kutoka kidumu kikubwa kwenda kwenye chupa ya soda. Mwanangu wa miaka mitatu akaigida funda moja, akatema, akalia. Mama mkwe alitaka kumtia kidole atapike, mimi nikamnyang'anya mtoto nikakimbia hospitali. Mtoto ni mzima, lakini mama mkwe hasemi nami hadi leo. Nani alikuwa sahihi? – Mkwe Mbaya*

Ulikuwa sahihi wewe, na ukitaka ukate ukurasa huu umpelekee, ingawa ningekushauri uende na heshima kwanza. Kitu kinachounguza kikishuka kimeunguza koo mara moja, na kikipandishwa kinaliunguza mara ya pili. Mafuta ya taa yana ubaya mwingine: mtoto akitapika huyavuta mapafuni, na huko ndiko yanakoua. Msuuze mdomo, futa midomo na mashavu, usimlazimishe kunywa lolote, iwe maziwa, mafuta au maji ya ndimu, mpaka mhudumu wa afya aseme. Nenda na chupa yenyewe. Daktari akiona chupa anaokoa muda ambao angeutumia kubahatisha.

Wifi usimwandame. Kidumu cha lita tano ni kizito, na kila mtu hutafuta chupa ndogo. Kosa ni chupa ya kinywaji. Mtoto wa miaka mitatu hasomi, anajua umbo. Nunueni chupa ambayo haijawahi kuwa na kitu cha kunywa, iandikwe, ikae juu ndani ya kabati lenye komeo. Tena ukubwa wa kidumu una hasara nyingine: blichi hupungua nguvu kadiri inavyokaa, na joto na jua huiharakisha.

*Bibi, unatutisha kila mwezi. Mama yangu alitumia blichi bila kuichanganya na maji kwa miaka 40 na hakuwahi kuumwa hata siku moja. Dawa ikitiwa maji inakuwa maji. – Mtoto wa Mama*

Msalimie mama. Nadhani alikuwa na madirisha mazuri.

Blichi ya dukani huwa na nguvu ya asilimia 3 hadi 6 hivi, kibandiko kitakuambia. Kama yako ni ya asilimia 5, vijiko viwili vya chai kwenye lita moja ya maji vinakupa asilimia 0.05, na hiyo inatosha meza na sakafu. Kwa damu au matapishi, kipimo kimoja cha blichi kwa tisa vya maji. Maji yawe baridi, kwa kuwa ya moto huivunja na kukupandishia mvuke puani. Uchafu uoshwe kwanza kwa sabuni, ukaondoka kabisa, maana blichi haichagui: itapoteza nguvu yake kwenye tope badala ya vijidudu. Kisha acha pabaki na unyevu dakika 10. Watu wengi humwaga na kufuta hapo hapo, wakaona haifanyi kazi, kesho wakazidisha dozi. Nilikuwa na msaidizi wa namna hiyo. Nilimwekea saa ya ukutani juu ya sinki, blichi tuliyokuwa tukiitumia ikapungua nusu. Uliyoichanganya leo imwage kesho.

Na hapana, kwa wanne mlioniuliza kama barakoa ya kitambaa inatosha: haizuii gesi. Inazuia vumbi na matone. Gesi inapita kama vile hukuvaa kitu.

*Bibi, nimelowesha shati jeupe kwenye blichi usiku kucha, limetoka la njano. Nizidishe? – S.*

Usizidishe. Huenda ni sufu, hariri au kitambaa cha kuvutika, na hivyo blichi huvigeuza njano na kuvila. Au maji yenu yana chuma, na blichi imekigeuza kutu ndani ya nyuzi. Suuza shati mpaka harufu iishe kabisa, na usiguse siki wala ndimu kabla ya hapo, umeshasoma barua ya kwanza. Kisha angalia kibandiko cha shingoni uniandikie tena, maana hukuniambia shati ni la kitambaa gani.