Bekapu iliyolala kwenye akiba ya baridi: maswali yenu

Akiba ya baridi ni hifadhi ya mtandaoni ya bei nafuu kwa mafaili yasiyoguswa mara kwa mara; mengi huhitaji kuamshwa kabla ya kusomeka. Barua nyingi za safari hii zimeandikwa na watu ambao hifadhidata yao imeshaanguka na wateja wanasubiri. Nawajibu, ila natamani mngeniuliza wiki moja kabla.

Mwalimu, tangu asubuhi nimeomba bekapu irejeshwe kutoka Deep Archive, daraja la baridi kabisa la hifadhi ya Amazon S3. Masaa matano yamepita na sioni kitu. Kuna hitilafu?

Hakuna. Kwenye Deep Archive ombi la kawaida huchukua hadi masaa 12, na lile la bei ya chini hadi 48. Ombi la haraka halipo kabisa. Glacier Flexible Retrieval, daraja jingine la baridi la Amazon, inalo, la dakika 1 hadi 5, lakini ni kwa mafaili yasiyozidi megabaiti 250 hivi; bekapu ya mamia ya gigabaiti itasubiri masaa 3 hadi 5. Daraja la Archive la Azure, wingu la Microsoft, huweza kufika masaa 15. La Google Cloud husomeka papo hapo, ila kila usomaji una malipo yake.

Muda unaokuumiza leo uliamuliwa siku ile mlipoweka kanuni ya kuhamisha mafaili ya zamani, bila kuuliza mfumo unaweza kulala kwa masaa mangapi kabla kazi haijaharibika. Sasa usikae kuitazama skrini. Andaa seva, hakikisha diski inatosha, weka toleo sahihi la programu ya hifadhidata. Wengi huanza kuyashughulikia haya faili likishafika, na masaa mengine yanapotea bure.

Nikipakua faili napata InvalidObjectState na namba 403. Nimebadilisha ruhusa zote, wapi.

Ruhusa hazina kosa. Rudisha ulizozilegeza, tena leo hii. Faili bado limelala, omba kwanza liamshwe. Hili nimeshalijibu mara nyingi mno, na jina la kosa lenyewe linakwambia kuwa tatizo ni hali ya faili.

Faili liliamka vizuri, nikaliacha. Jana nimerudi, halisomeki tena.

Ulichopewa ni nakala ya muda, na idadi ya siku uliijaza mwenyewe kwenye ombi. Omba upya, jipe siku za kutosha, na likiamka tu linakili kwenye hifadhi ya kawaida kabla ya jambo lingine lolote.

pg_restore, programu ya kurejesha bekapu za hifadhidata ya PostgreSQL, inalikataa faili langu la .sql.

Hilo ni maandishi matupu ya amri za SQL. Tumia psql, programu inayoziendesha amri hizo.

Bosi anataka bekapu zote zihamie kwenye akiba ya baridi kupunguza bili. Ni sawa?

Zote, hapana. Deep Archive hukutoza siku 180 hata ukifuta faili kesho yake. Flexible Retrieval siku 90. Kwa hiyo bekapu ya kila siku mnayoifuta baada ya wiki mbili itawagharimu miezi ambayo haikuwepo. Tena kila faili huongezewa kilobaiti 40 za maelezo yake, na kuhamishwa kwake kuna malipo. Mkipeleka huko kumbukumbu za miamala, maelfu ya vifaili vidogo vidogo, bili inaweza hata kupanda.

Lakini hela si hofu yangu kubwa. Ukitaka kuirudisha hifadhidata ya PostgreSQL kwenye dakika fulani unahitaji bekapu ya msingi pamoja na faili za WAL (hizo kumbukumbu za miamala) zilizofuata, moja baada ya nyingine. Kila moja lazima iamshwe. Ikikosekana moja katikati, safari inaishia hapo, na miamala yote ya baadaye imekwenda. Bekapu za karibuni, na mnyororo wake wote, zikae kwenye hifadhi ya kawaida. Baridini pelekeni zile za mwisho wa mwezi au mwaka, zinazotunzwa kwa ajili ya sheria na ukaguzi.

Kuna namna ya kujua bekapu ni nzima bila kuirejesha?

Hakuna. Alama ya ukaguzi (checksum) itakuhakikishia kwamba faili halikubadilika tangu lihifadhiwe. Kama liliharibika wakati wa kuandikwa, limehifadhiwa na ubovu wake.

Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, huduma ya kuhifadhi msimbo wa programu, alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya pili inayosubiri kushika nafasi yake. Walipokimbilia bekapu zao kwenye S3, hazikuwepo. pg_dump, programu ya kutoa bekapu za PostgreSQL, iliyokuwa ikiendeshwa ni ya toleo 9.2 ilhali hifadhidata ni 9.6, kwa hiyo ilikuwa ikifeli, na barua pepe za tahadhari zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni picha ya diski (snapshot) iliyopigwa kwa mkono masaa sita hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Data ya masaa hayo ikapotea. Waliyaeleza yote hadharani, na ninawaheshimu kwa hilo.

Kila robo mwaka chukua bekapu moja kutoka baridini, iamshe, irejeshe kwenye seva tupu, hesabu safu mlalo za majedwali makuu, andika ilichukua masaa mangapi. Namba hiyo ndiyo umpelekee bosi.

Tulifuta ufunguo wa zamani wa KMS (huduma ya AWS, wingu la Amazon, ya kutunza funguo za usimbaji) wiki iliyopita. Bekapu za mwaka jana zilifungwa nao. Tufanyeje?

Acha kusoma, nenda kaghairi ufutaji sasa hivi. AWS husubiri siku 7 hadi 30, kadiri mlivyochagua, na kama hamkugusa chochote ni 30. Siku zikiisha, hata wao hawawezi kuzifungua bekapu hizo.